Maajabu ya Dunia: Nuru kwa Kipimo

Hapa Katanika, ukishuka kwenye Ziwa Tanganyika kabla hakujapambazuka, utaona nuru mbili zikipokezana zamu. Ya kwanza ni taa za wavuvi wa ndakala, samaki wale ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa. Usiku kucha taa hizo zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine uliojengwa mbali na nchi kavu; sasa zinazimwa moja baada ya nyingine, na mitumbwi inageuza pua kurudi Kalemie. Nuru ya pili ni jua lenyewe. Sisi wa ukingo wa magharibi tumejaliwa kuliona likichomoza kutoka majini, upande wa Mahale kule Tanzania, likitandika njia nyekundu juu ya ziwa hadi miguuni petu.

Nilifundisha biolojia kwa miaka mingi, na bado nina tabia ya mwalimu ya kuokota vitu na kuvigeuza. Asubuhi moja niliingia maji ya magotini, mahali penye mawe, nikainua jiwe lenye ukubwa wa mkate. Upande wake wa juu ulikuwa umevikwa utando wa kijani wenye utelezi, nywele fupi za mwani zikiwa zimelala zote upande mmoja. Upande wa chini ulikuwa mtupu, rangi ya jiwe tu. Nilipolisogeza karibu na macho niliona juu ya ule utando mikwaruzo midogo iliyopangana kama alama za kitana: ni meno ya samaki wa mawe, ambao hushinda hapo wakikwangua chakula chao. Nililirudisha jiwe taratibu, upande wa kijani ukitazama juu. Ningelipindua, ningekuwa nimewazimia jua viumbe wengi kwa mkono mmoja.

Nililikumbuka jiwe hilo mwezi uleule, mpwa wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Ubelgiji. "Jambo sana, Mjomba. Nimenunua tangi la kioo la lita 150. Sitaki samaki peke yao, nataka matumbawe hai, bahari ndogo hapa sebuleni. Niambie, Mjomba, nianze na taa gani, na tumbawe gani?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni moja, wala si mawili. Kwa tumbawe, taa ndiyo chakula. Anayeuliza habari ya taa anauliza chungu kiwe kikubwa kiasi gani, na anayeuliza habari ya tumbawe anauliza ni nani atakayekula. Mama mwenye busara hapandishi chungu jikoni kabla hajajua wangapi watakaa mkekani.

Huenda msomaji akaona ajabu swali la matumbawe kuletwa Katanika. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Lita moja ya maji yake ina chumvi isiyotimia gramu moja, wakati lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Tumbawe likitumbukizwa humu litakufa. Hata hivyo Muumba ameliwekea ziwa letu ndugu wa tumbawe. Ni yavuyavu mdogo, mwavuli laini unaopitisha mwanga, upana wake sentimita mbili hivi, ukingoni mwake zikining'inia nyuzi nyembamba za kunasia chakula. Mjerumani Richard Böhm alipoleta habari zake mwaka 1883, wataalamu wa Ulaya walishangaa, kwa kuwa kiumbe wa namna hiyo walimzoea baharini. Mwingereza J. E. S. Moore, akimtazama yavuyavu huyu pamoja na konokono wa ziwa wanaofanana na wa baharini, aliandika kitabu The Tanganyika Problem, kilichotoka mwaka 1903, akidai kwamba ziwa hili ni kipande kilichobaki cha bahari ya kale. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sivyo. Ziwa lilizaliwa katika Bonde la Ufa, na viumbe wake walipata maumbo yao humu humu, katika mamilioni ya miaka.

Moore alikosea kuhusu ziwa, lakini undugu wa yavuyavu na tumbawe ni wa kweli. Wote ni wa ukoo mmoja: mwili laini, mdomo mmoja, na mikono yenye vichomeo vidogo visivyoonekana kwa macho. Tena watafiti wa ziwa wamekuta kwamba baadhi ya yavuyavu wa Tanganyika hubeba ndani ya miili yao vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nilipojifunza jambo hili nilinyamaza kwa muda mrefu, maana huo ndio mkataba unaolisimamisha tumbawe baharini, nami nilikuwa nimeishi kando ya dalili zake bila kujua.

Watu wengi hulidhani tumbawe kuwa jiwe, na wengine hulidhani mmea. Ni mnyama, au tuseme ni kijiji cha wanyama. Kila mkazi huitwa polipu, kifuko cha nyama chenye mdomo juu na mikono midogo kuuzunguka. Ndani ya nyama yake wanaishi wapangaji, vijimwani vidogo mno. Katika eneo la sentimita moja ya mraba huweza kuwamo zaidi ya milioni moja. Polipu huvipa makao, ulinzi, hewa ya kaboni, na masalio ya mlo wake ambayo kwa vijimwani ni mbolea. Navyo hupika sukari kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenye nyumba sehemu kubwa ya kila vinachopika, mara nyingine hata sehemu tisa kati ya kumi. Kwa nguvu hiyo polipu hujenga chini yake kiti cha chokaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka panainuka mwamba wa kuvunja mawimbi ya bahari kuu.

Ndugu zetu wa Pwani wanaujua mwamba huo kwa mikono yao. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umesimama kwa mawe hayo hayo na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Anayeegemea ukuta wa Kilwa anaegemea mwanga wa jua wa zamani, ulioliwa na vijimwani, ukalipwa kuwa sukari, ukageuzwa jiwe.

Katika simulizi ya Mwanzo, nuru ndiyo iliyoitwa kwanza. Wengi wetu tunalikumbuka hilo, kisha tunasahau kilichofuata mara moja: Mungu aliitenga nuru na giza. Nuru iliumbwa, na papo hapo ikawekewa mpaka. Nimefikia kuamini kwamba sayansi yote ya kufuga matumbawe imo katika tendo hilo la pili.

Mpwa wangu alijifunza hilo kwa uchungu. Kabla jibu langu halijamfikia, alikuwa amekwisha kuweka matumbawe matatu, akawasha taa yake mpya kwa nguvu zote, saa 14 kila siku. Alifanya hivyo kwa upendo, kama mtu anavyomjazia mgeni sahani. Baada ya wiki moja alinitumia picha. Tumbawe moja la uyoga, lililokuwa la zambarau iliyokolea, lilikuwa limejikunja na kupauka, jeupe kama karatasi iliyolowa. "Mjomba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "nililipa mwanga wote niliokuwa nao."

Nilimweleza kwamba kosa lilikuwa katika lile neno "wote". Mwanga ukizidi, vijimwani huzalisha sumu badala ya chakula cha amani. Oksijeni kali hurundikana ndani ya nyama, na polipu, ili kujiokoa, humtapika mpangaji wake. Rangi ya tumbawe hutokana kwa sehemu kubwa na mpangaji huyo. Akitoka, nyama hubaki kama kioo, na kwa matumbawe yenye mifupa, mifupa myeupe huonekana kupitia nyama hiyo. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lakini lina njaa, na siku zake zinahesabika.

Joto hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka, na matumbawe mengi yakafa. Ziwa letu nalo halikusalimika. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kadiri Tanganyika inavyopata joto, tabaka la juu linakaa kama kifuniko, maji ya chini yenye rutuba hayapandi vizuri, na uzalishaji wa chakula cha samaki ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Kina cha ziwa hufika mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni haipatikani chini ya mita 100 hadi 200 na ushei. Ndakala wote wanaouzwa sokoni Kalemie wanategemea ngozi nyembamba ya juu, ile inayofikiwa na mwanga. Kipimo kikivurugika hapo, sahani za watu hupungua.

Basi, taa ichaguliwe vipi? Kwanza, kwa rangi yake. Mwanga mweupe wa jua ni kapu lenye rangi zote, na maji hulipokonya kapu hilo rangi moja moja. Nyekundu hunyang'anywa katika mita chache za juu. Buluu, katika maji maangavu, husafiri mbali kuliko zote. Vijimwani vya matumbawe vimeumbwa kuitumia buluu hiyo inayowafikia walio chini. Ndiyo maana taa nzuri ya matumbawe huegemea buluu, na nyeupe huongezwa ili jicho la binadamu lifurahi. Zamani wafugaji walitumia mirija mirefu ya mwanga na balbu kubwa zenye joto kali. Siku hizi taa za LED zimetosha, nazo zina fadhila moja kubwa: nguvu yake huongezwa na kupunguzwa kwa kidole.

Pili, kwa nguvu inayofika chini, si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Wafugaji huipima kwa kifaa na kuiita PAR, yaani hesabu ya mwanga unaofaa kujenga chakula. Matumbawe ya uyoga hushiba kwa 50 hadi 100. Matumbawe laini mengi, na yale yenye polipu kubwa, huridhika kati ya 80 na 150. Yale ya matawi membamba, kama Acropora, hudai 250 na zaidi. Asiye na kifaa aanze chini: theluthi ya nguvu ya taa, saa nane kwa siku, kisha aongeze kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, akilitazama tumbawe kila asubuhi kama mzazi anavyomtazama mtoto usoni. Tatu, taa isambae. Taa moja ndogo katikati huunguza walio chini yake na kuwaacha wa pembeni gizani.

Kuhusu tumbawe la kuanzia, hapo naiona huruma ya Muumba waziwazi, maana ameumba matumbawe yanayosamehe. La kwanza ni uyoga, ambalo wataalamu huliita Discosoma: sahani laini isiyo na mifupa, inayokaa chini kwenye kivuli na kuvumilia makosa ya mgeni. La pili ni tumbawe la ngozi, Sarcophyton, lenye umbo la mwavuli mnene uliojaa polipu kama nywele. Mara kwa mara hujifunga siku kadhaa, likawa kama limekufa, kisha huvua ngozi ya juu pamoja na uchafu wake na kufunguka tena likiwa jipya. Anayeanza asiogope akiliona limenuna.

La tatu ni Xenia, nalo ni la kutazamwa kwa utulivu. Kila polipu yake ni kama kiganja chenye vidole vya manyoya, na viganja hivyo hufumba na kufumbua, hufumba na kufumbua, mchana na usiku, bila wimbi lolote kuvisukuma. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kwa nini kiumbe apoteze nguvu hivyo. Mwaka 2013 watafiti waliomchunguza jamaa yake katika Bahari ya Shamu walieleza kwamba mapigo hayo huondoa oksijeni inayorundikana kuzunguka nyama, na kwa hiyo vijimwani hupika chakula vizuri zaidi. Kiganja kinapepea jiko. Mama zetu hupepea makaa asubuhi kwa mkono uleule, wala hakuna aliyemfundisha Xenia.

La nne ni Zoanthus, vijua vidogo vya rangi vinavyoenea juu ya jiwe kama maua ya kitenge. Yanavumilia sana, lakini hapa natoa onyo kwa uzito wote: baadhi ya jamaa zake hubeba sumu kali mno iitwayo palitoksini. Vaa glavu, kinga macho, usiyaguse ukiwa na jeraha, na kamwe usichemshe jiwe lililoyabeba, kwa kuwa mvuke wake umewahi kulaza familia nzima. Uzuri katika uumbaji mara nyingi umewekewa mlinzi, na heshima ni kumtambua mlinzi huyo kabla ya kunyoosha mkono.

Mwaka wa kwanza ukipita salama, ndipo mtu aalike Euphyllia, lenye mikono mirefu inayoyumba, huku akiliachia nafasi pande zote kwa kuwa usiku huwachoma majirani. Acropora lisubiri mwisho. Yote yanunuliwe kwa wafugaji wanaoyaotesha kutokana na vipande, yasiwe yaliyong'olewa baharini. Hilo nalo ni ajabu: tumbawe moja likikatwa vipande kumi, vyote kumi huweza kupona na kukua. Matumbawe magumu yote yamo katika mkataba wa CITES, na kuyavusha mipaka kunahitaji kibali. Penye ulinzi wa kweli, kama kisiwa cha Chumbe karibu na Zanzibar, ambacho mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990, yanaishi matumbawe magumu ya aina 200 hivi mahali padogo sana. Tangi la sebuleni lisijengwe kwa kuubomoa mwamba wa namna hiyo.

Kuhusu maji nilimwambia mpwa wangu machache tu. Maji yawe safi yaliyochujwa, chumvi gramu 35 kwa lita, joto la nyuzi 25 au 26 lisiloyumba. Na kabla ya tumbawe lolote kuingia, tangi lisubiri wiki nne hadi sita, mpaka bakteria wasioonekana waote juu ya mawe na kuanza kazi yao ya kuigeuza amonia yenye sumu. Wao ndio wenyeji wa kwanza, na bila wao hakuna karamu.

Alilitoa tumbawe lake lililopauka chini ya mwanga mkali, akaliweka kivulini chini ya jiwe, akapunguza taa hadi theluthi, saa nane kwa siku. Tulisubiri. Baada ya miezi miwili picha ilikuja tena: ukingoni mwa ile sahani nyeupe palikuwa na utepe mwembamba wa zambarau. Mpangaji alikuwa amerudi nyumbani.

Tangu hapo ninachomkumbusha ni giza. Matumbawe mengi hungoja usiku ndipo yanyooshe mikono yao kuwinda chembe za chakula. Tena yanasoma mwezi. Miaka ya 1980 watafiti wa Australia waliona katika Mwamba Mkuu wa kule jinsi matumbawe ya aina nyingi yanavyoachia mbegu zao baharini katika usiku wa siku chache zilezile za mwaka, baada ya mwezi mpevu, maji yakajaa punje za waridi zinazoelea juu. Matumbawe hayana macho, hayana kalenda, lakini miadi hayaikosi.

Mwezi huohuo unatawala huku kwetu. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa ndakala hawatoki, kwa sababu taa yao haina nguvu mbele yake. Samaki hawakusanyiki penye nuru ndogo wakati nuru kubwa imeenea kote. Mitumbwi hulala mchangani, nyavu zimeanikwa, na wenye taa hupumzika. Mababu zao hawakuhitaji kufundishwa kwamba kuna usiku wa kuwasha na usiku wa kuacha.

Juzi ulikuwa usiku wa namna hiyo. Nilikuwa nimeketi nje, ziwa likiwa jeupe kama maziwa hadi upeo wa macho, bila taa hata moja juu yake, simu yangu ilipolia. Mpwa wangu alikuwa ameongeza kipande kimoja cha tumbawe la ubongo, na alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Mjomba, nimezima taa tangu saa mbili za usiku. Nimekaa gizani nikisubiri. Sasa hivi yamenyoosha mikono."

Nilimwambia asiwashe kitu chochote, aendelee kutazama.